Siku kumi nchini Misri: mwongozo kwa msafiri mwenye Kiswahili chake

Jioni moja mjini Luxor nilipatana na dereva anipeleke Bonde la Wafalme, penye makaburi ya mafirauni, kesho yake. Tulipomaliza kuvutana bei alinipa mkono akasema, "Bukra, es-saa sitta." Nilimwelewa neno kwa neno, au ndivyo nilivyoamini: kesho, saa sita. Nikalala bila wasiwasi, asubuhi nikanywa chai yangu taratibu, na saa tano na nusu nikashuka mapokezi. Kumbe mtu wa watu alikuja saa kumi na mbili alfajiri, akasubiri karibu saa nzima, akaondoka. Sita yake ilikuwa kumi na mbili yangu. Nilipata gari jingine, nikafika bondeni saa saba mchana, mwezi wa Mei, na lile joto sitalisahau: majabali meupe pande zote, hakuna mti, hakuna kivuli, na ndani ya makaburi hewa nzito iliyokwisha kuvutwa na mamia ya watu walioingia tangu asubuhi.

Tangu siku hiyo, kila ndugu anayeniuliza habari za Misri namwanzia hapo, kwenye saa. Nchi ile jua ndilo linalopanga ratiba, na asiyejua kuamka mapema atalipa tiketi zilezile akaone nusu ya alichofuata. Tena msemaji wa Kiswahili anaingia akiwa na sehemu ya lugha mfukoni tayari. Ni mtaji mkubwa, ila una mitego yake. Safari ninayoieleza hapa ni ya siku kumi: tatu Cairo, mbili Aswan, tatu Luxor, mbili pwani. Mwenye wiki moja tu aache pwani, asiache kusini.

Hatua ya kwanza: chagua mwezi kabla ya kuchagua ndege

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Desemba na Januari ndiyo miezi ya watalii wengi na bei za juu, na usiku wa Cairo una baridi ya kweli. Hoteli nyingi za bei nafuu hazina kipasha joto, kwa hiyo beba koti. Kuanzia Juni hadi Agosti, Luxor na Aswan hupita nyuzi 40 mara kwa mara. Joto hilo halifanani na la Dar es Salaam au Mombasa. Ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona, na mtu anaishiwa maji mwilini huku akidhani yuko sawa.

Kati ya Machi na Mei huvuma upepo wa jangwani wenye vumbi unaoitwa khamsini. Ndiyo, ni hamsini yetu hiyohiyo, kwa kuwa husemwa kwamba huvuma ndani ya kipindi cha siku hamsini. Hauvumi kila siku, lakini siku ukivuma mbingu inageuka rangi ya udongo na piramidi hazionekani ukiwa barabarani. Weka siku moja ya akiba Cairo.

Angalia pia Ramadhani inaangukia wapi. Makumbusho na mahekalu hufungwa mapema zaidi na migahawa mingi haiuzi mchana, ila usiku wa Cairo katika mwezi huo una raha yake, taa za fanusi kila kichochoro na watu nje hadi daku.

Hatua ya pili: karatasi

Wenye pasipoti za Afrika Mashariki na Kongo waanzie ubalozi wa Misri mapema, angalau mwezi mmoja na nusu kabla ya safari. Upo Dar es Salaam, Nairobi, Kampala, Kigali, Bujumbura na Kinshasa. Kwa kawaida utaombwa pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi, picha, tiketi ya kwenda na kurudi, uthibitisho wa hoteli na taarifa ya benki. Ndugu walio Ulaya na Marekani wenye pasipoti za huko mambo yao ni mepesi, wengi hupata viza mtandaoni au uwanjani.

Kitu kinachosahaulika ni kadi ya njano. Misri hutaka cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na nchi zetu zimo. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia, maana kabla ya hapo cheti hakihesabiki. Kadi iwe kwenye begi la mkononi pamoja na pasipoti.

Usibebe droni hata kama ni ndogo. Ni marufuku kuiingiza bila kibali na itabaki forodhani. Na ukishaingia, tembea na nakala ya pasipoti pamoja na ukurasa wenye mhuri wa kuingilia. Kuna Wasudani wengi Misri, hasa baada ya vita ya 2023, na mtu mweusi anaweza kuulizwa karatasi barabarani. Ukiwa nazo maswali ni ya dakika moja.

Hatua ya tatu: pesa

Fedha ni paundi ya Misri, wenyewe huiita gineh. Tangu ilipoachiwa kushuka mwezi Machi 2024 dola moja imekuwa ikipata paundi zinazokaribia 50, kwa hiyo mwenye dola anapata nafuu. Lakini zingatia jambo moja: madirisha mengi ya tiketi kwenye maeneo ya kale siku hizi hayapokei fedha taslimu kutoka kwa mgeni, yanataka kadi ya Visa au Mastercard. Pigia benki yako kabla ya kuondoka waifungulie kadi matumizi ya nje, na ukiweza beba mbili. Mwanafunzi abebe kitambulisho cha kimataifa cha mwanafunzi, kwani tiketi nyingi hushuka hadi nusu.

Noti ndogo ndogo zilinde. Kila huduma inafuatwa na bakshishi, na neno lenyewe huhitaji kufundishwa. Anayekubebea begi, anayekushikia viatu msikitini, anayekuelekeza choo, wote wanatarajia kidogo, na wengi wao mshahara ni mdogo kiasi kwamba kidogo hicho ndicho chakula cha jioni. Ila mlinzi wa kaburi anayekunong'oneza umfuate nyuma ya kamba akuonyeshe "siri", mkatalie. Kuta zile zinaharibika kwa mikono na pumzi zetu.

Hatua ya nne: geuza Kiswahili chako kuwa Kiarabu cha sokoni

Hapa ndipo tunapowazidi watalii wengine, na nashangaa watu wachache wanaojiandaa. Kuanzia ishirini kwenda juu hesabu zao ni zetu: ishrin, talatin, arba'in, khamsin, sittin, sab'in, tamanin, tis'in. Mia ni miyya, elfu ni alf. Chini ya kumi unazijua tayari sitta, sab'a na tis'a. Ongeza wahid, itnein, talata, arba'a, khamsa, tamanya na ashara, basi, umemaliza hesabu zote za sokoni. Jifunze ukiwa ndani ya ndege, itakutosha.

Kisha bei. "Bikam?" ni kiasi gani. "Ghali" ni ghali, na "ghali awi" ni ghali mno. "Rakhis" ndiyo rahisi yetu, kwa maana ileile ya zamani ya bei nafuu. Nusu ni nuss, robo ni rub'. Sukari, sabuni, chai, samaki, wote utawatambua. Angalia tu usichanganye "miyya", mia, na "mayya", maji. Nimeshuhudia mwenzangu akiomba chupa mia kwenye kibanda cha Aswan na mzee wa watu akimkazia macho.

Namba zao za kuandika zifahamu pia, maana ndizo zilizo kwenye vibao vya bei, mabehewa na viti vya treni. Kiduara (٥) ni tano, wala si sifuri. Sifuri ni nukta (٠). Kinachofanana na saba yetu (٦) ni sita. Saba ni kama bakuli lililokaa vizuri (٧), nane ni bakuli lililopinduliwa (٨). Moja na tisa hazina shida.

Na saa. Wao huhesabu kuanzia usiku wa manane na saa sita mchana kama Wazungu, kwa hiyo kila saa utakayoambiwa kwa neno unalolijua, ongeza au punguza sita. "Sab'a" ya asubuhi ni saa moja, "tis'a" ni saa tatu. Usiagane na mtu bila kuonyeshana saa kwenye simu. Isitoshe, majira ya baridi Misri iko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, na tangu 2023 wamerudisha utaratibu wa kusogeza saa mbele, kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Oktoba, kipindi ambacho saa zao na zetu ni sawa.

Hatua ya tano: Cairo, na piramidi kwa mpangilio wake

Karibu kila mtu hukimbilia mji wa Giza, penye piramidi kubwa, siku ya kwanza. Mimi nasema anza Saqqara. Huko ndiko kuna piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser, iliyojengwa yapata miaka 2650 kabla ya Kristo chini ya usimamizi wa waziri wake Imhotep, jengo kubwa la mwanzo la mawe ya kuchonga katika nchi ile. Kisha shuka Dahshur, gari moja linakufikisha kote kwa siku. Dahshur utaona piramidi iliyopinda: mafundi wa mfalme Sneferu walianza na mwinuko mkali, kazi ilipofika katikati wakaupunguza, na hadi leo ule mpindo unaonekana kama kosa lililorekebishwa hadharani. Jirani yake iko Piramidi Nyekundu ya Sneferu huyohuyo, hapo mwinuko wamekwisha kuupata. Unaruhusiwa kuingia ndani, watu ni wachache, na ngazi zake zinashuka ndefu hadi miguu inatetemeka. Mwanawe Sneferu ni Khufu. Ukifika Giza kesho yake, unaitazama piramidi kubwa ukijua wameipatia wapi.

Giza fika milango inapofunguliwa. Siku hizi mlango mkuu ni ule mpya wa upande wa barabara ya Fayoum, na ndani kuna mabasi ya umeme yanayozungusha watu. Piramidi ya Khufu ilikuwa na mita 146 hivi, sasa imebaki kama 138, na kila upande wa chini una mita 230. Namba hizo hazisemi kitu mpaka usimame ubavuni mwa jiwe moja la safu ya chini ukakuta linakufika kifuani. Mawe laini meupe yaliyoifunika yalibanduliwa karne nyingi baadaye, mengi yakaenda kujenga Cairo. Ukitaka kuona yalivyokuwa, inua macho kileleni mwa piramidi ya jirani, ya mfalme Khafre, pale kipande kimesalia. Kuingia ndani ya piramidi ya Khufu kuna tiketi yake ya bei kubwa, na ndani hakuna maandishi wala picha. Uliyekwisha kuingia Dahshur hela hiyo iweke.

Nilitembea upande wa kusini, kwenye makaburi ya wajenzi yaliyogunduliwa mwaka 1990. Wamezikwa hapo kwa heshima, karibu na mfalme wao, na mikate na bia ya safari ya akhera. Hadithi tuliyokua nayo ya watumwa wanaochapwa mijeledi haikai sawa na makaburi yale.

Wenye ngamia na farasi watakufuata. Ukitaka kupanda, kubalianeni bei ya kupanda na ya kushuka, kwa sauti, mbele ya mtu wa tatu. Hutaki, sema "la, shukran" mara moja na usisimame. Anayekwambia mlango umefungwa au tiketi yako haifai, usimsikilize, endelea hadi kwa askari mwenye sare.

Mchana wa siku hiyohiyo ingia Jumba Kuu la Makumbusho la Misri, lililo hapo karibu na Giza na lililozinduliwa rasmi tarehe 1 Novemba 2025. Tiketi nunua mtandaoni siku kadhaa kabla. Mali za kaburi la mfalme Tutankhamun, vitu zaidi ya 5,000, ziko pamoja humo. Kinyago cha dhahabu kila mtu atakuonyesha. Mimi niliduwaa mbele ya viti na masanduku ya mti mweusi. Mti ule Wamisri wa kale waliuita hebeni, na wachunguzi wa mbao wameutambua: ni mpingo, mti uleule wanaouchonga Wamakonde.

Maiti za wafalme na malkia haziko hapo, zilihamishiwa mwaka 2021 kwenye makumbusho ya ustaarabu huko Fustat, 22 kwa jumla, kwa msafara uliofunga barabara. Chumba ni cha giza na kimya, na picha haziruhusiwi. Kutoka Fustat si mbali hadi Cairo ya Wakopti, yaani Wakristo wa Misri, penye kanisa la Abu Serga ambalo mapokeo husema familia takatifu ilijificha chini yake. Na Waislamu watataka kusali Al-Azhar, msikiti uliojengwa karne ya 10, ambako vijana wetu wengi kutoka Unguja, Tanga, Lamu na kwingineko wamesoma na bado wanasoma. Ukikaa uani baada ya alasiri usishangae kusikia Kiswahili nyuma yako.

Kwa kuzunguka mjini tumia teksi za kuita kwa simu, na metro, ambayo ilifunguliwa 1987 ikiwa ya kwanza Afrika. Mabehewa ya katikati ni ya wanawake, na dada anayesafiri peke yake ayatumie bila kusita. Nguo za kufunika mabega na magoti zinampunguzia mtu macho na maneno ya barabarani, mwanamume na mwanamke.

Kula wanakokula watu. Koshari ni wali, makaroni, dengu, mchuzi wa nyanya na vitunguu vya kukaanga vilivyokauka, bakuli moja linakushibisha hadi usiku. Ful ni maharage ya asubuhi. Na mulukhiya, chakula wanachojivunia, ukikiletewa utacheka kwa furaha: ni mlenda. Wanaupika na supu ya kuku na kitunguu saumu kingi. Maji kunywa ya chupa tu.

Hatua ya sita: panda kusini hadi Aswan kwanza

Treni ya usiku kutoka Cairo hadi Aswan ni safari ya saa 12 na zaidi, ndege ni saa moja na nusu. Wengi huanza na Luxor kwa kuwa iko njiani. Ukianza Aswan unashuka na mto, na Luxor inakuacha karibu na barabara ya pwani.

Aswan ni mahali pa kupumua. Mto Naili hapo unapita kati ya majabali meusi, na mashua zao, feluka, zina tanga la pembetatu ambalo mtu wa pwani atalitambua kwa mbali. Kodi moja saa kumi jioni. Maji yale mengine yalitoka Jinja, mengine Ethiopia, na chanzo cha mbali kabisa upande wa kusini kiko Rutovu, Burundi, ambako wamejenga piramidi ndogo kukitia alama. Nilichota maji kwa kiganja nikafikiri juu ya safari yake yote hiyo, zaidi ya kilomita 5,000, na mwenye mashua, mtu mzima wa Kinubi, wenyeji wa kusini huko, akaniuliza natoka wapi. Nikamwonyesha nyuma, mto unakotoka. Akasema, "Ahlan, ya akhi," karibu, ndugu yangu, akanimiminia kinywaji chekundu cha karkade, ambacho Tanzania wengi tunakijua kama rozela au choya.

Wanubi wanastahili nusu siku yako kwenye Makumbusho ya Wanubi, yaliyofunguliwa 1997. Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika 1970 liliipa Misri umeme na kuzuia mafuriko, likazamisha vijiji vyao. Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa. Nenda bwawani baada ya makumbusho, utalitazama kwa macho mengine.

Mahekalu ya Abu Simbel yako kilomita 280 hivi kusini zaidi, na magari huondoka Aswan saa kumi alfajiri. Hii ndiyo alfajiri moja usiyotakiwa kuikosa. Ramses wa Pili alichonga sanamu zake nne mlimani, kila moja mita 20 akiwa ameketi. Maji ya bwawa yalipokuwa yakipanda, kati ya 1964 na 1968 mahekalu mawili yalikatwa vipande zaidi ya 1,000, yakapandishwa mita 65 juu na kuungwa upya, kazi iliyosimamiwa na UNESCO. Sanamu moja ilikwisha kuvunjika kichwa na kifua tangu zama za kale. Walipohamisha walikilaza kile kichwa mchangani vilevile, mahali pake palepale. Tarehe 22 Februari na 22 Oktoba jua la asubuhi huingia hadi chumba cha mwisho na kuangaza sanamu za ndani. Siku hizo watu ni wengi mno, hoteli iwekwe miezi kabla.

Hatua ya saba: Luxor

Kati ya Aswan na Luxor kuna meli za kulala ndani, siku tatu au nne, zinazosimama Kom Ombo na Edfu. Ni starehe nzuri kwa mwenye uwezo na wazee. Treni inachukua saa tatu na kitu.

Luxor imegawanywa na mto: mashariki mji na mahekalu ya Karnak na Luxor, magharibi makaburi. Kuvuka tumia pantoni ya wananchi, ni bei ndogo sana na wanapanda na baiskeli zao kama Kigamboni. Upande wa magharibi fanya asubuhi, mashariki jioni. Hekalu la Luxor huwashwa taa usiku na lina msikiti wa Abu Haggag uliojengwa juu ya kuta zake, mwadhini akiadhini juu ya nguzo za mafirauni.

Bonde la Wafalme, tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu ya kuchagua. Usichague kwa umaarufu wa jina, mwulize mlinzi yapi yamefunguliwa siku hiyo na lipi lina watu wachache. Kaburi la Tutankhamun, alilolifungua Mwingereza Howard Carter mwaka 1922, lina tiketi ya ziada na ni dogo. La Seti wa Kwanza ni ghali zaidi, lakini mwenye uwezo wa kulipa mara moja tu maishani alipe hapo. Rangi za dari lile zimekaa kana kwamba fundi amekwenda kula na atarudi.

Kisha hekalu la Hatshepsut, mwanamke aliyetawala kama firauni karne ya 15 kabla ya Kristo. Watu hupiga picha kwa mbele wakaondoka. Wewe panda hadi baraza la kati, upande wa kushoto. Pale ukutani imechongwa safari ya majahazi yake kwenda nchi ya Punt, ambayo wasomi wengi huiweka pande za Eritrea, Ethiopia na Somalia. Nilikaa mbele ya ukuta ule hadi mlinzi akaniletea kiti. Nyumba za Punt ziko juu ya nguzo, mlango unafikiwa kwa ngazi, chini ya miti kama minazi. Mabaharia wanapanda ubao mmoja mmoja wakibeba miti ya manemane na mizizi yake ndani ya vikapu, wawili wawili na mti begani, kama wabeba mizigo wa bandari yoyote. Kuna mbao za mpingo, kuna nyani juu ya kamba za tanga. Na chini ya majahazi, majini, samaki wamechorwa kwa uangalifu kiasi kwamba wataalamu wameweza kutaja aina zao. Asubuhi jua likiwa la pembeni michoro inasimama. Saa sita mchana ukuta unakuwa mweupe na huoni kitu. Hii nayo ni kazi ya alfajiri.

Hatua ya nane: jangwa, kwa mwenye siku za ziada

Jangwa Jeupe, karibu na Farafra, ndilo zuri kuliko yote, lenye miamba ya chokaa iliyochongwa na upepo ikawa kama uyoga. Linahitaji kibali na dereva mwenyeji wa Bahariya, kilomita 370 hivi kutoka Cairo, na kulala nje. Usikubali kwenda na gari moja lisilo na mwenzake. Mwenye siku moja aende Wadi al-Hitan, Fayoum, ambako mifupa ya nyangumi wa kale wenye vijiguu vya nyuma imelala mchangani mahali palipokuwa bahari. Usiku wa jangwa ni baridi hata mchana uwe umeungua.

Hatua ya tisa: bahari

Basi kutoka Luxor hadi Hurghada ni mwendo wa saa nne au tano. Mtu wa Pwani ataniuliza kwa nini aende kuogelea ugenini. Jibu liko majini. Bahari ya Shamu haiingiwi na mto hata mmoja wa kudumu, mvua ni adimu, kwa hiyo maji ni angavu hadi unaona kivuli cha mashua chini kabisa. Tena kupwa na kujaa ni kudogo sana. Sisi tuliozoea bahari kukimbia mita mia tatu na kurudi, pale inakaa palepale kutwa, unaogelea saa uitakayo. Chumvi yake imezidi ya kwetu, mwili unaelea wenyewe.

Hurghada ni ya familia na hoteli ambazo bei inajumuisha chakula na vinywaji vyote. Ufukwe mwingi ni wa hoteli, kwa hiyo usichukue hoteli iliyo upande wa pili wa barabara bila kuuliza utaogelea wapi. Marsa Alam kusini kuna utulivu, kasa, na mwenye bahati huona nguva akila nyasi. Sharm el-Sheikh na Dahab ziko upande wa pili, Sinai. Wanaochagua huko waunganishe na Jebel Musa, mita 2,285, linalopandwa usiku ili kuliwahi jua, na nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katarina chini yake, ya karne ya 6.

Matumbawe usiyaguse wala kuyakanyaga, vaa viatu vya maji ukiwa bado unatembea. Miwani ya majini inatosha, huhitaji kupiga mbizi kwa mitungi. Nilipotia uso majini siku ya kwanza nilikutana na samaki mwenye mistari na mwiba mgongoni, nikamkumbuka: yuko ukutani kwa Hatshepsut.

Hatua ya mwisho: siku ya kurudi

Rudi Cairo siku moja kabla ya ndege, si siku ileile. Ndege nyingi za kuja Afrika Mashariki huondoka usiku, na hapo ndipo saa inapowanasa watu kwa mara ya pili. Tiketi ikiandikwa 00:30 tarehe 15, maana yake ni usiku wa kuamkia tarehe 15, uwanjani uwe tarehe 14 saa tatu usiku. Iandike hivyo kwenye simu yako, kwa Kiswahili, kabla hujatoka nyumbani.